Kosweki imerudi na 23 juu ya 40. Nani amesoma yale maandishi mekundu?



Leo naomba tuache kidogo siasa za wakubwa tuongelee kitu ambacho kila mwenye mdogo wake chuoni anacho ndani ya nyumba lakini hakizungumzwi. Kila muhula maelfu ya vijana wa jiji hili wanaandika asaimenti, wanafanya testi, wanakusanya, wanasubiri. Halafu kazi inarudi. Juu kuna namba imezungushiwa duara, pembeni kuna maandishi mekundu ya mwalimu. Swali langu ni dogo tu: baada ya hapo kinatokea nini?

Jibu la haraka la watu wazima nalijua, nalisikia kila siku kwenye daladala. Vijana wa siku hizi wavivu, wanaangalia maksi wanatupa karatasi. Mimi nabisha. Uvivu upo, sikatai, lakini hauwezi kueleza hili jambo peke yake, na nitawaonyesha kwa nini.

Kazi yangu mimi ni stesheneri. Naprinti, natoa kopi, naskani, nabana ripoti. Wateja wangu wengi ni wanachuo waliopanga vyumba kuanzia Tandika, Mtoni mpaka Mbagala. Wanasoma vyuo tofautitofauti na sitataja chuo cha mtu hata kimoja hapa, maana mkate wangu uko kwao. Asaimenti moja naweza kuiona mara mbili: usiku wa mwisho wa kuikusanya, na siku ikirudi, pale mtu anapokuja kutoa kopi awe na ushahidi kwamba maksi zake zipo. (Kosweki kupotea ni habari ya kawaida, wenyewe mnajua.) Hiyo mara ya pili ndiyo inafundisha. "Kaka, nitolee ukurasa wa mbele tu." Ukurasa wa mbele ndio wenye jina, namba ya usajili na duara la maksi. Ukurasa wa nne, ambako mwalimu kaacha mistari mitatu ya wino mwekundu, hautakiwi.

Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili nilimwuliza, "Dada, hapa mwalimu kaandika nini?"

Akasoma: "'Vague.' Sijui ana maana gani bwana. Ila nimepata 23."

"Sasa utafanyaje?"

"Nifanyeje kaka? Topiki ishaisha. UE wiki ijayo."

Topiki ishaisha. Ukitaka kuelewa tatizo lote la maoni ya walimu vyuoni, limekaa kwenye hayo maneno mawili. Yule dada si mvivu, anapiga msuli mpaka saa nane usiku, namjua. Tatizo ni kwamba yale maoni yamekuja hayana pa kwenda. Hakuna rasimu ya pili, hakuna asaimenti nyingine ya topiki ileile, hakuna mtu atakayemwuliza kama alirekebisha. Ukimpa mtu ushauri wa jinsi ya kuchinja kuku wakati kuku ameshaliwa, atakushukuru kwa adabu na atasahau.

Tuangalie namba kwanza. Pale Mlimani utaratibu uliozoeleka ni kosweki maksi 40, mtihani wa mwisho yaani UE maksi 60. Kwa hiyo kazi za katikati ya muhula ni karibu nusu ya matokeo, na matokeo ndiyo GPA, na GPA ndiyo mlango. Daraja la pili la juu linaanza 3.5. Ukiwa na 3.4 unabaki daraja la pili la chini, na kuna matangazo ya kazi na ya kusoma zaidi ambayo hutayafungua. Ukikamatwa sapu likizo imekwenda. Ukidisko, bumu la Bodi ya Mikopo limekatika na nyumbani kule Masasi walishauza korosho wakijua mtoto anamaliza mwakani. Kwa hiyo mtu akiangalia duara la maksi kabla ya kitu kingine chochote, msimcheke. Anaangalia kama bado yumo.

Lakini kuna sababu ya zamani zaidi. Huyu kijana amelelewa wapi kimasomo? Baraza la Mitihani liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na tangu hapo safari ya mtoto wa Kitanzania ni hii: unafanya mtihani wa darasa la saba, unarudishiwa matokeo. Kidato cha nne, matokeo. Kidato cha sita, matokeo. Karatasi yako mwenyewe uliyoandika kwa jasho hujawahi kuiona tena. Hujui swali la tatu ulichemsha wapi. Unajua tu umepata C ya Historia. Miaka kumi na mitatu mtu amefundishwa kwamba kinachorudi kutoka kwa mtahini ni herufi. Halafu anafika chuo kikuu, siku moja karatasi inarudi na maneno, na sisi tunashangaa hajui ayafanyie nini!

Na hapa nitoe siri ambayo wala si siri. Baraza hilohilo linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali. Zipo kwenye tovuti yao, bure. Zinaeleza watahiniwa wengi walikosea wapi, na zina mpaka vipande vya majibu mazuri na mabaya vilivyoskaniwa vikiwa na mwandiko wa watoto wenyewe. Hizo taarifa ni dhahabu. Kwangu watu wanakuja kuprinti mitihani iliyopita mafungu kwa mafungu. Waliokuja kuprinti ule uchambuzi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wengi wao walikuwa walimu wa tyusheni.

Tuje kwa wahadhiri, maana haki ni haki. Piga hesabu na mimi. Darasa lina watu 400, na kuna madarasa makubwa kuliko hayo. Asaimenti moja ukiisoma dakika 10 na kuandika maoni ya maana, ni dakika 4,000. Ni zaidi ya saa 66, yaani siku nane za kazi bila kufanya kitu kingine chochote, kwa kozi moja, kwa asaimenti moja. Mhadhiri ana kozi tatu. Ana wa uzamili wanaomsubiri mlangoni. Wanafunzi waliongezeka haraka tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 na vyuo vikafunguliwa kila kona, na meza ya kusahihishia ilibaki ileile. Kwa hiyo anafanya nini? Anaweka watu kwenye grupu za kumi kumi. Karatasi 400 zinakuwa 40, saa 66 zinakuwa saa saba kasoro. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Sasa fuatilia hiyo asaimenti ya grupu mtaani. Majina kumi ukurasa wa mbele, yamepangwa vizuri kabisa kwenye jedwali. Aliyeandika ni mmoja, wakizidi wawili. Wengine wamechangia hela ya kuprinti, mmoja kachangia soda, na yupo ambaye jina lake limeongezwa kwa kalamu dakika ya mwisho nje ya ofisi. Kazi inarudi na 28. Picha ya ukurasa wa mbele inapigwa kwa simu na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp, watu tisa wanaweka alama ya makofi. Karatasi yenyewe anabaki nayo yule aliyeandika. Kama mwalimu ameandika kwamba hoja ya pili haina ushahidi, ni mtu mmoja kati ya kumi ndiye amefundishwa kitu. Na kwa kawaida ni yule aliyekuwa anajua zaidi tangu mwanzo. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote: utaratibu uliobuniwa kuokoa muda wa mwalimu unampa mafunzo anayehitaji kidogo na kuwanyima wanaohitaji sana.

Halafu lugha. Tusidanganyane wadau. Shule ya msingi tumesoma Kiswahili, sekondari tukavushwa kwenda Kiingereza, chuoni ni Kiingereza kitupu kwenye karatasi na Kiswahili kitupu kwenye diskasheni. Mwalimu anaandika "be critical". Mwanafunzi anadhani ameambiwa alaumu mtu, anakwenda asaimenti inayofuata anamshambulia mwandishi wa kitabu mwanzo mwisho. Mwalimu alitaka apime: hoja hii ina nguvu wapi, inavujia wapi, ushahidi uko wapi. Hata "vague" ya yule dada ina Kiswahili chake kizuri tu: umezungukazunguka, taja mahali, taja mwaka, taja nani. Mwalimu angemwambia hivyo kwa mdomo, kwa Kiswahili, ingechukua sekunde kumi. Lakini kumfuata ofisini kwenyewe ni safari. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilizozinduliwa Aprili 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, ni jambo kubwa, lakini bado umati uko mtaani. Mtu wa Mbagala akipanga kwenda kuonana na mwalimu siku ambayo hana kipindi, anahesabu nauli, halafu anakuta mlango umefungwa na kikaratasi kinasema yupo kikaoni. Mara moja inatosha, hatarudi.

Niliahidi kuonyesha kwamba si uvivu. Ushahidi wangu ni huu hapa.

Chukua wanachuo wa ualimu. Hapa Temeke tuna DUCE pale Chang'ombe, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Walimu wanafunzi, wawe wa pale au wa vyuo vingine, wanakwenda mazoezi ya kufundisha mashuleni. Mkaguzi anaingia darasani, anakaa dawati la nyuma na fomu yake, anaangalia andalio la somo, sauti, ubao, maswali. Kipindi kikiisha anakaa na mwanafunzi anamwambia: uliwapa mgongo muda mrefu, maswali uliuliza watoto wa mbele tu, muda ulikuishia kabla ya zoezi. Jioni hiyohiyo kijana yuko kwangu anaprinti andalio jipya na ananisimulia neno kwa neno alichoambiwa! Anakumbuka kila kitu. Anabishana nacho, anakitetea, anakifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ni mtu yuleyule. Yule aliyetoa kopi ukurasa wa mbele tu mwezi uliopita. Kilichobadilika ni nini? Mkaguzi atarudi. Kesho kutwa kuna kipindi kingine, na darasa lilelile la watoto 70 linamsubiri. Maoni yamepata pa kwenda.

Wataalamu wa elimu walishaliona hili zamani. Mwaka 1988 mtafiti wa Israel, Ruth Butler, alichapisha utafiti wa watoto wa darasa la tano na la sita. Kundi moja walirudishiwa kazi na maksi tu, kundi la pili maoni tu, kundi la tatu maksi na maoni pamoja. Waliopata maoni tu ndio walioendelea vizuri. Na hao waliopata vyote viwili? Wengi wetu tungedhani watakuwa juu ya wote. Hapana, walifanana na wale waliopewa maksi peke yake. Namba ikishaonekana, maneno yanazimika. Mwaka uliofuata Mwaustralia D. Royce Sadler akaandika kwamba ili maoni yamsaidie mtu anahitaji mambo matatu: ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kulinganisha na yake, na achukue hatua ya kuziba pengo. Sisi tumempa mwanafunzi wetu lipi kati ya hayo? Kazi nzuri hajawahi kuonyeshwa. Na ndiyo maana, tukubali tusikubali, desa lina soko. Watu wanadesa kwa sababu nyingi mbovu, lakini moja si mbovu: desa ndiyo njia pekee ya mtu wa kawaida kuona jibu lililopata A likoje.

Kuna chuo kingine upande wa Kinondoni ambacho kwa asili yake hakiwezi kulikwepa suala hili, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikaanza na wanafunzi wa kwanza 1994, na wanafunzi wake wengi ni watu wenye kazi na familia walio mikoani. Kwa mtu aliyeko Kibondo, maandishi kwenye karatasi yake si nyongeza ya somo, ndiye mwalimu mwenyewe. Chuo cha namna hiyo cha Uingereza, kilichoanza kufundisha 1971, kilifika mbali mpaka kikaweka watu wa kupitia sampuli za maoni ya wakufunzi, kuangalia kama yanafundisha au yanahukumu tu. Fikiria mhadhiri wako anakaguliwa wino wake mwekundu! Ingekuwa kasheshe.

Tangu mwisho wa 2022 limekuja na jipya, ChatGPT. Sasa hivi inafika asaimenti kwangu haina kosa hata moja la sarufi na mwenyewe hawezi kutamka kichwa chake. Mwalimu anakesha anaandika maoni, na maoni yanamwendea nani? Mashine haikusoma koridoni. Lakini nimeona na upande wa pili: kijana kapiga picha maoni ya mwalimu, kaiuliza mashine "hii ina maana gani, nieleze kwa Kiswahili", ikamweleza vizuri, akaandika aya upya pale pale kwenye benchi langu. Huyo alikuwa ametengeneza rasimu ya pili ambayo chuo hakikumpa.

Na hapo ndipo nataka niwaguse wanachuo mnaosoma hapa. Yule dada alisema topiki ishaisha. Topiki inaisha kweli, lakini kosa haliishi. Kuna jamaa mmoja nilimskania karatasi zake tatu za kozi tatu tofauti, walimu tofauti. Wote watatu, kila mmoja kwa maneno yake, walikuwa wanasema kitu kimoja: hujajibu swali, umeandika unachokijua. Angeziweka pembeni kwa pembeni angeliona kabla ya UE. Daftari la shilingi elfu moja linatosha, kila karatasi ikirudi unahamishia humo wino mwekundu tu, bila maksi, halafu siku ya kuandika asaimenti mpya unaanza kulisoma hilo. Na kwenye diskasheni, badala ya kukaririshana desa, badilishaneni karatasi zilizorudi. Mwenye 31 amwonyeshe mwenye 19. Aibu itakuwepo wiki ya kwanza tu.

Kwa wahadhiri sina ubavu wa kuwafundisha kazi. Ila asaimenti mbili fupi ambazo ya pili inaanza na aya moja ya "niliambiwa hivi, nimerekebisha hivi" haziongezi saa nyingi kuliko moja ndefu. Na dakika kumi za mdomo mbele ya darasa zima juu ya makosa matano yaliyojirudia zinafanya kazi ya karatasi 400.

Kuna kitu kimoja bado hakiniingii akilini. Mwaka 2007 na 2008 wanafunzi wa Mlimani waligoma kwa ajili ya asilimia za mkopo. Walikuwa na haki ya kudai chao. Lakini mimi kwa miaka yote hii sijasikia serikali ya wanafunzi ya chuo chochote ikitoa hata tamko la kudai karatasi za testi zirudishwe wiki mbili kabla ya UE. Ma-CR wanafuatilia ratiba, wanafuatilia projekta, wanafuatilia nani hajachangia hela ya kopi. Hili la karatasi wanaliona kama hisani ya mwalimu. Ni maksi 40 wadau, na ada imelipwa.

Haya, uwanja ni wenu. Nataka kusikia kutoka Chang'ombe, Kinondoni, Mlimani, Kigamboni, hata nyie mlioko Dodoma na Mwanza: karatasi yako ya mwisho ya testi ilirudi kabla au baada ya UE? Na waliokuwa kwenye grupu la watu kumi, semeni ukweli, mlisoma ukurasa wa ngapi?